Mtoto Amekuja kwa Miguu Yake: Maneno kwa Makocha wa Timu za Watoto Tanga

Maneno haya niliyasema mbele ya makocha wa timu za watoto wa hapa Tanga, siku walipofunga mafunzo yao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nimeondoa vichekesho viwili ambavyo haviandikiki.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo. Poleni na joto.

Niliombwa nizungumze juu ya malezi ya mchezaji kijana, na naona humu ndani wapo wanaojiuliza: huyu mzee alicheza timu gani? Niwatoe wasiwasi mapema. Sikucheza timu yoyote mnayoijua. Nilikuwa kipa wa pili wa timu ya watoto pale Ngamiani, na kipa wa kwanza alikuwa na afya njema kupita kiasi. Baada ya hapo riziki yangu nimeipata bandarini, ukarani, kuhesabu mizigo inayoingia na inayotoka, mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo mambo ya kupanga mabeki, kubana nafasi na mazoezi ya pumzi mmeyapata kwa wakufunzi wenye leseni zao, na mimi sina nukta ya kuongeza. Nimekuja kusema jambo ambalo mkufunzi haoni akiwa amesimama ubaoni: mtoto anakuonaje wewe, kocha, akikutazama kutoka chini.

Fikirini kidogo. Mzazi wake mtoto hakumchagua, alimkuta. Mwalimu wa shule amepangiwa na serikali. Ustadhi wa chuoni, yaani madrasa, amechaguliwa na baba, na mwalimu wa kipaimara amechaguliwa na mama. Lakini kwako wewe yule mtoto alikuja kwa miguu yake. Alitoroka usingizi wa mchana, akakata Barabara ya 14 peku, akasimama pembeni ya uwanja wako, akaokota mpira uliotoka nje akaurudisha, akaokota tena, akaurudisha tena, mpaka ukamwona ukamuuliza, "Wewe jina lako nani?" Wewe ni mtu mzima wa kwanza duniani ambaye huyu mtoto amemchagua mwenyewe. Hakulazimishwa na mtu. Na kwa sababu amekuchagua, neno lako halimfikii kama yanavyomfikia maneno ya wengine. Mama yake anamwambia "soma" asubuhi na jioni, na mtoto anaitika "naam" huku anatafuta kandambili zake. Wewe siku moja tu, ukiwa unafunga mpira kwenye wavu, umuulize, "Hesabu umepata ngapi?" Atalala na swali hilo. Kesho atakuletea daftari bila kuombwa.

Ndilo neno langu la leo, na yote yatakayofuata yanatoka humo. Mmepewa nguvu ambayo hakuna aliyewapa kwa barua. Inaweza kumjenga mtoto akawa mtu, na inaweza kumharibu, na mara nyingi mwenye nguvu hiyo hajui kama anayo.

Hapa Tanga mzigo huo ni mzito zaidi, maana mpira hapa umeingia ndani ya nyumba. Baba Coastal Union, mjomba African Sports, timu zetu mbili za mji, na chakula cha jioni hakiliki kama uwanjani Mkwakwani palikuwa na mechi. Coastal, Wagosi wa Kaya, walichukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, na watu wazima wa mji huu bado wanapanga kumbukumbu zao kwa mwaka huo: huyu alizaliwa kabla ya ubingwa, yule baada. Na si historia tu. Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, Coastal na Yanga, mabao 3 kwa 3, na mabao yote matatu ya Coastal yamefungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, Sopu wenu. Tukafungwa kwa penalti, sawa, lakini watoto wa Makorora wiki ile wote walikuwa Sopu. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal akaenda Yanga mwaka 2020, akavaa kitambaa cha unahodha huko. Mtoto wa hapa haoni kuwa mchezaji ni ndoto ya mbali. Anaona ni njia inayopita mlangoni kwao, na anayeshika ufunguo wa mlango huo, kwa macho yake, ni wewe mwenye filimbi. Usimcheke. Hana mwingine wa kumwona.

Niwaambie juu ya kocha wangu. Sitamtaja jina, mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa fundi baiskeli. Mpira wetu ulijazwa upepo kwa pampu ile ile ya wateja, na bladda ikitoboka ilizibwa kwa sulusheni ya tairi. Hakulipwa na mtu. Kitu cha kwanza alichofanya alipoanzisha timu hakikuwa kutafuta jezi. Alikwenda chuoni akamsalimia ustadhi, wakakaa, wakakubaliana. Mazoezi yataanza baada ya alasiri watoto wakishatoka chuoni, na yataisha kabla ya magharibi ili kila mtu awe kwao adhana inapolia. Asiyeonekana chuoni haonekani uwanjani. Watoto wa Kikristo aliwawekea sharti lao, la shule. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Mimi naliona ndilo lililotufanya tuwe timu, kwa sababu kuanzia siku ile baba yangu, aliyekuwa akiuita mpira uhuni, alikosa hoja. Angesemaje, na ustadhi mwenyewe anauliza matokeo?

Ninyi mnajua makocha wanaogombana na chuo, wanaogombana na shule, wanaomwambia mtoto "chagua moja". Mtoto wa miaka 11 achague moja! Atakuchagua wewe, nimeshasema kwa nini. Na ndiyo maana hutakiwi kumuuliza.

Sasa benchi. Mimi nalijua benchi kuliko wote mlioko humu, naomba mniheshimu kwa hilo. Kocha yule alikuwa na tabia moja. Mchezaji atakayekaa nje alimwambia mapema, pembeni, peke yake, kabla majina hayajasomwa. Na alimwambia sababu. Akishasema sababu, alimpa kazi. Mimi aliniambia, "Mikono yako mizuri, ila macho yako ni mazuri zaidi. Utaniandikia." Akanipa daftari la kurasa nyingi, lile lenye jalada gumu. Nikawa naandika nani amekuja, nani amechelewa, nani ameumia wapi, nani anasoma shule gani darasa la ngapi, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, nyumba ya nani. Mechi ikichezwa naandika nani kapoteza mipira upande gani. Alikuwa anasoma! Jumatatu ananiita, "Hapa umeandika winga wetu kachoka dakika ya ishirini, una uhakika?" Mtoto wa darasa la sita, naulizwa kama nina uhakika. Nikajifunza kutoandika nisichokiona. Miaka ile bandarini, nikisimama na karatasi yangu chini ya kreni, hakuna bosi aliyenifundisha kazi zaidi ya fundi baiskeli yule.

Nilipokuja kusikia habari ya Ian Wright nikacheka peke yangu. Wapenzi wa Arsenal mnamjua: mabao 185 kwa klabu ile. Alikuwa mtoto mtundu wa London, nyumbani hakuna raha, na shuleni akitolewa nje ya darasa mara kwa mara. Mwalimu mmoja, Sydney Pigden, alimchukua. Alimfundisha kusoma na kuandika vizuri, alimfundisha kumalizia mpira kwa utulivu badala ya kupiga kwa nguvu tu, na kitu ambacho Wright mwenyewe hakukisahau, alimpa kazi ya kukusanya madaftari ya mahudhurio kutoka madarasani. Kazi ya heshima kwa mtoto aliyezoea kufukuzwa! Mpira wa kulipwa Wright aliupata mwaka 1985, Crystal Palace, akiwa karibu miaka 22. Kabla ya hapo alikuwa akifanya vibarua vya ujenzi. Baadaye, akiwa mtu mkubwa na maarufu, alidhani mwalimu wake amekwishafariki. Wakamkutanisha naye mbele ya kamera, pale pale Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal. Mtu mzima yule akavua kofia yake haraka, kama mtoto aliyekutwa na mwalimu mlangoni, na machozi yakamtoka. Tazameni picha ile mkipata nafasi. Tazameni ule mkono unaokwenda kwenye kofia kabla mdomo haujafunguka.

Na upande wa pili wa nguvu hiyo hiyo nao nimeuona. Ninaye rafiki, sasa ana wajukuu, ambaye kocha wa timu nyingine alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe huna lolote, nenda kauze mihogo." Ameuza vitu vingi tangu hapo, ana duka, ana nyumba mbili. Lakini tukikaa barazani kahawa ikipita, mazungumzo yakigusa mpira, lazima arudi kwenye sentensi ile. Anaisema kwa sauti ya yule kocha. Kocha mwenyewe, nina hakika, alikuwa ameisahau kabla ya kufika nyumbani.

Niingie sasa mahali penye uchungu, na naomba tusitazamane vibaya. Kukata umri.

Wote humu mnajua nisemacho. Mashindano ni ya chini ya miaka 15, kombe ni mbuzi na seti ya jezi, na wewe unaye kijana wa miaka 18 mwenye sura ya kitoto. Unamwambia, "Mdogo wako si yupo darasa la saba? Njoo na cheti chake." Mbuzi analiwa jioni ile ile. Kijana anabaki na cheti.

Nchi nzima tuliwahi kulipa deni hili. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikuwa wamekwishafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Timu nzima, wale wenye umri halali pamoja naye, nyumbani. Tulikaa mpaka 2017, kule Gabon, ndipo watoto wa Kitanzania wa umri ule wakacheza fainali hizo. Na mwaka 2009 FIFA walianza kupiga picha ya mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Cheti kinaweza kusema uongo, mfupa unamshinda mwongo.

Lakini mimi sikuja kuwatisha na FIFA. Nataka mumwone yule kijana. Nimemwona mmoja mtaani kwetu, simtaji. Alianza kutumia jina la mdogo wake kwa ajili ya kombe. Akacheza vizuri, akaitwa timu kubwa kidogo kwa jina hilo hilo. Akasajiliwa kwa jina hilo. Mpira ukamwisha mapema kama unavyowaisha wengi, goti. Akarudi mtaani kutafuta kazi. Cheti cha shule kina jina lake, karatasi za mpira zina jina la mdogo wake, benki walimfungulia akaunti kwa jina la mdogo wake. Ikaja NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, na NIDA inataka mtu mmoja. Mdogo wake naye akaenda kujiandikisha, akakuta yeye tayari ni mchezaji mpira. Ndugu wawili wanagombania jina moja, mama yao katikati. Kocha aliyetoa wazo lile alikuwa na nia njema, naamini, alitaka kijana aonekane. Hakujua kwamba kijana alitii kwa kuwa neno lilitoka kwake. Lingetoka kwa jirani, kijana angesema, "Hapana mzee, hiyo ni jinai."

Kuna hasara nyingine inayokaa kimya. Yule mtoto wa miaka 14 wa kweli, aliyepaswa kucheza nafasi ile, amekaa benchi anatazama. Anajua. Watoto wote wanajua, msidanganyike, wanajua nani ana ndevu za kunyoa. Umemfundisha nini huyo? Nadhani hilo ni somo lenye nguvu kuliko mazoezi yako yote ya mwaka mzima.

Jambo lingine litakuwa fupi, ila nalisema nimesimama wima. Nguvu hii ya kuchaguliwa inavutia wabaya. Mtu mwenye nia chafu akitaka kukaa karibu na watoto bila kuulizwa, filimbi inamtosha. Kwa hiyo wema wenu uwe na mashahidi. Usibaki na mtoto mmoja chumbani. Usimlaze mtoto kwako mkisafiri, hata kama ni kubana matumizi. Usimtumie mtoto ujumbe wa usiku, mtumie mzazi. Kocha mwema hapotezi chochote kwa masharti haya. Ukiona mwenzako anakwepa, usiseme "ni mambo yake". Sheria ya Mtoto ipo tangu 2009, dawati la jinsia na watoto liko polisi, na namba ya simu ni 116, haina malipo. Kwa timu za wasichana nasisitiza mara mbili, na pawepo mwanamke mtu mzima pembeni ya uwanja kila siku ya mazoezi. Wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India mwaka 2022. Hakuna timu yetu nyingine ya taifa iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia la FIFA, na bado wapo wazazi Tanga hii wanaomficha binti viatu. Mzazi huyo hatashawishiwa na takwimu yangu. Atashawishika akiona uwanja wako uko salama.

Sasa hesabu, maana ukarani haustaafu. Ligi Kuu ina timu 16. Tuseme kila timu ina wachezaji 30, hao ni 480. Toeni wageni, na wageni si wachache. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61. Wewe una watoto 40 pale uwanjani kwako, na wenzako waliokaa humu kila mmoja ana wake, na hiyo ni Tanga tu. Mmeona? Karibu wote mnaowafundisha hawatacheza Ligi Kuu. Mimi siwavunji moyo. Nawauliza tu: kama ni hivyo, kazi yenu ni ya nani? Kocha anayemtazama Mwamnyeto mtarajiwa mmoja na kuwasahau 39 anafanya kazi na sehemu ndogo sana ya timu yake.

Na wale 39 mpira bado unaweza kuwapa kazi, kama kuna mtu mwenye jicho. Yule mbishi anayejua sheria zote na kukosoa kila filimbi, mpe kuchezesha mazoezi. Refa ni ajira, na nchi ina njaa ya marefa wazuri. Yule asiyenyamaza, anayetangaza mechi huku anacheza, redio za Tanga zinamhitaji. Yule anayekimbilia kila anayeanguka na maji, mwambie neno "udaktari wa viungo" hata kama hajui ni nini, atakwenda kuuliza. Anayehesabu koni na jezi bila kutumwa, huyo ni mtunza vifaa, na timu kubwa hazipotezi wachezaji tu, zinapoteza vifaa. Na yupo atakayekuwa fundi, askari, mama wa nyumba, mwenye bodaboda, na wote hao watafika kazini kwa saa uliyowazoesha wewe.

Linalotushinda ni siku ya kumwachia. Kijana ana miaka 17, amekuwa nawe tangu yuko darasa la tatu, na wewe unajua hafiki. Makocha wengi tunafanyaje? Majina yanasomwa, lake halimo. Basi. Anasimama pale mpaka karatasi ikunjwe, anajifanya anafunga kamba za daluga. Jamani, mtu aliyekuchagua mwenyewe hastahili kujua kwa njia hiyo. Kaa naye. Mwambie umeona nini kwake ambacho kinafaa mahali pengine, na utaje mahali hapo kwa jina: chuo cha VETA, kozi ya urefa, gereji ya fulani unayemfahamu, nenda naye. Atalia, muache alie. Na mwache arudi Jumamosi kukusaidia wadogo. Kocha wangu watu wa namna hiyo alikuwa nao watano, sita, wakubwa kuliko timu, wamejaa uwanjani kama mashemeji. Sisi wadogo tulikua tukijua kwamba kuachwa si kufukuzwa.

Upande wa wale wachache wanaofika, siku wanayokuhitaji zaidi ni siku karatasi za mkataba zinapokuja. Baba hatakwenda kwa wakili, atakuja kwako na bahasha mkononi. Kwa hiyo yajueni machache. Mtoto chini ya miaka 18 hasaini mkataba wa zaidi ya miaka 3, kanuni za FIFA zimekataa. Kwenda kusajiliwa nje ya nchi kabla ya miaka 18 pia zimekataa, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa, na karibu hakuna linalomhusu mtoto wa Mabawa. Wakala anatakiwa kuwa na leseni, na haongei na mtoto nyuma ya mgongo wa mzazi. Akija mtu na simu nzuri, anasema kuna majaribio Ulaya, inatakiwa tu hela ya viza na tiketi, mzazi auze kiwanja, ninyi ndio ukuta. Klabu inayomtaka mtoto haimtozi mtoto. Semeni hivyo kwa sauti, hata kama baba atakasirika kwamba mnamzibia mwanawe riziki.

Mnajua safari ya Mbwana Samatta: Mbagala, African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe mwaka 2011, ubingwa wa Afrika 2015, Genk 2016, Aston Villa Januari 2020. Hatua kwa hatua, kila hatua na karatasi zake. Uhamisho wa kimataifa kama ule wa Genk kwenda Villa una kifungu ambacho makocha wengi wa mitaani hawajakisikia. Asilimia 5 ya fedha ya uhamisho inakatwa na kugawiwa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia msimu wa miaka 12 mpaka 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila msimu ni robo asilimia ya fedha yote. Kuanzia 16 ni nusu asilimia kwa msimu. Piga hesabu: mchezaji ameuzwa dola 1,000,000, wewe ulikuwa naye misimu minne, tangu 12 mpaka 15. Klabu yako inapata dola 10,000. Jezi, mipira, uzio, na posho ya nauli ya kocha aliyekuwa akitembea kwa miguu.

Lakini inapata klabu iliyosajiliwa, yenye mchezaji aliyesajiliwa kwa jina lake la kweli na tarehe yake ya kweli. Timu yangu ya Ngamiani isingepata senti. Ilikuwa na daftari langu, na daftari langu halina mhuri. Sasa mnaona yale niliyosema juu ya umri yanakorudi: ukimwandika kwa jina la mdogo wake, umejinyang'anya na wewe.

Najua wapo watakaosema, mzee, sisi hatufanyi haya kwa hela. Kweli, na ndiyo maana nawaheshimu. Lakini mtoto mwingine anakuja kesho kusimama pembeni ya uwanja, na uwanja hauna neti.

Yale ninayowaomba ni haya, kisha nikae. Wenye timu ambazo hazijasajiliwa, fomu za chama cha soka cha wilaya ziko kwenye meza ya mlangoni, na katibu amekubali kubaki mpaka saa kumi jioni kuwasaidia kujaza. Asiyejua kujaza asione haya, mimi nitakaa naye. Kila mmoja aende nyumbani aanze orodha ya watoto wake kwa majina kamili kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa, na wasio na vyeti waandikwe pembeni ili tuwapeleke RITA, wanakotoa vyeti hivyo, kwa mkupuo badala ya mmoja mmoja. Na wale wawili niliowasikia asubuhi wakipanga mechi ya Jumapili na kijana yule mrefu, nimewasikia. Nendeni mkampigie simu mapema, pembeni, peke yake, mumwambie atachezesha kama refa.

Ahsanteni sana.